Vitz iliyokoma Japani imerudije Afrika?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Vitz ya mwaka 2003, lita 1, niliyoiagiza kutoka Japani na mpaka leo haijanisumbua. Dada yangu aliyeko Uingereza anaendesha gari lilelile kabisa, ila nyuma limeandikwa Yaris. Juzi nimeona tangazo la Vitz mpya inayouzwa Afrika Kusini, haifanani na yangu hata kidogo. Je, hizi ni ndugu au ni majina tu? Ni nani hukaa akaamua gari liitwe nini, halafu baadaye akalichukua jina hilohilo akalibandika kwenye gari jingine? Nauliza kwa sababu nafikiria kuuza yangu ninunue hiyo mpya, nikitegemea spea zitakuwa zilezile nilizozoea. (Muuguzi, Morogoro)

Jibu: Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Nianze na hilo la spea, maana ndilo lenye fedha zako ndani yake: haziingiliani. Vitz inayouzwa Afrika Kusini tangu 2023 imeundwa na Suzuki, kwenye kiwanda cha India, na jina lake la kuzaliwa ni Suzuki Celerio. Injini ni ya Suzuki, giaboksi ni ya Suzuki, milango na taa ni za Suzuki. Toyota na Suzuki wana ushirikiano wa kupeana magari, kila mmoja akauza kwa nembo yake. Sisemi ni gari baya. Ni dogo, jepesi, linakula mafuta kidogo, na mtu akilinunua akijua analonunua hatalijutia. Ila halina hata bolti moja ya urithi kutoka kwa hiyo uliyoiegesha nyumbani.

Gari la dada yako ni habari nyingine. Hilo na lako ni mapacha. Toyota walilitoa mwaka 1999 kushika nafasi ya Starlet, Japani wakaliita Vitz na Ulaya wakaliita Yaris. Vitz wameitoa kwenye neno la Kijerumani, Witz, lenye maana ya akili nyepesi yenye ucheshi. Yaris wameifinyanga kutoka Charis, jina la miungu wa kike wa Wagiriki wa kale waliohusishwa na uzuri na neema. Tangu 2001 Yaris zimekuwa zikiundwa Valenciennes, Ufaransa, kwa hiyo huenda la dada yako halijawahi kupanda meli ya kutoka Yokohama. Hata hivyo Yaris ya lita 1 ya miaka ile ina msimbo wa chasi uleule wa Vitz yako, SCP10. Uweke akilini msimbo huo, nitaurudia.

Sasa, kwa nini gari moja lipewe majina mawili? Sababu kubwa kwa magari tunayoyajua sisi ilikuwa maduka. Kwa miaka mingi Toyota huko Japani walikuwa na makundi manne ya maduka: Toyota, Toyopet, Corolla na Netz. Kila kundi lilitaka gari lake ambalo jirani hana. Kwa hiyo kiwanda kilikuwa kinatengeneza gari moja, kinabadilisha taa, grili na bampa, kisha kinalipa majina mawili. Premio ilikuwa ya maduka ya Toyopet, Allion ya maduka ya Toyota. Noah ilikuwa ya maduka ya Corolla, Voxy ya Netz. Alphard ilikuwa ya Toyopet, Vellfire ya Netz. Hata Vitz yako ilikuwa gari la Netz. Huku kwetu yakashuka bandarini yote kwa pamoja, tukayapokea kama magari tofauti, na watu wakaanza kubishana vijiweni ipi ngumu kati ya Premio na Allion. Nimesikia ubishi huo kwa miaka, na kila mara natamani kuwafungulia boneti zote mbili waone ni chuma kimoja.

Mei 2020 Toyota wakaruhusu kila duka nchini Japani liuze kila gari. Soko lao lilikuwa limesinyaa, na pacha wa dukani akawa mzigo usio na faida. Miezi michache kabla ya hapo, Februari 2020, Vitz mpya ilikuwa imetoka Japani ikiitwa Yaris kama kwingineko duniani. Premio na Allion zikafuata, uzalishaji wake ukakoma 2021. Hivyo ndivyo jina Vitz lilivyobaki bila gari, limekaa kwenye kabati la kampuni, likiwa bado linajulikana na mamilioni ya watu Afrika.

Uliuliza nani hukaa akaamua. Hakuna mtu mmoja. Kuna wapanga bidhaa wa kampuni, kuna wakala wa matangazo, kuna wanasheria wa alama za biashara, kuna watu wanaolipwa kusoma orodha ya majina kwa lugha zao waone kama kuna tusi limejificha. Orodha huanza na mamia, pengine maelfu, ya majina. Mwaka 1955 Ford walimwandikia hadi mshairi, Marianne Moore, awasaidie kupata jina la gari jipya. Alipendekeza mengi, na wakala wao akakusanya mengine maelfu. Mwishowe wakubwa wakayaacha yote wakachukua jina la marehemu mwana wa Henry Ford, Edsel. Gari hilo liliingia sokoni Septemba 1957 na kufikia Novemba 1959 limeshaachwa. Wengi hulilaumu jina. Mimi naona lilishindwa kwa sababu nyingi zaidi ya jina, ila kwa muda mrefu baadaye kwa Wamarekani Edsel lilikuwa na maana ya jambo lililobuma.

Toyota wana ukoo mmoja wa majina ninaoupenda sana, ukoo wa taji. Walianza na Crown mwaka 1955, ambayo ni taji kwa Kiingereza. Mwaka 1957 ikaja Corona, taji kwa Kilatini. Mwaka 1966 Corolla, yaani kijitaji, na ndilo jina ambalo wataalamu wa mimea hulitumia kwa duara la petali za ua. Kisha Camry, ambayo ni neno la Kijapani kanmuri, taji vilevile, lililolainishwa kwa masikio ya wageni. Mwaka 1996 walileta Corona Premio, na premio ni tuzo ya mshindi. Mwaka 2001 wakaliacha jina la Corona. Taji likavuliwa, tuzo ikabaki kichwani peke yake. Mtu akikuambia Premio ni gari lisilo na asili, mwambie babu yake aliitwa Corona.

Mengine yametungwa kwa njia nyingine. Allion ni maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya vyote ndani ya kimoja, yamebanwa hadi yakawa neno. Raum ni nafasi kwa Kijerumani, na aliyewahi kukaa kiti cha nyuma cha gari hilo anajua hawakudanganya. IST, ambayo mitaani tunaitamka isti, ni kiambishi tamati cha Kiingereza kinachomtaja mtu kwa kazi au mapenzi yake, kama vile m- yetu inavyoigeuza sanaa kuwa msanii. Alphard ni nyota, na nyota hiyo ilipewa jina na Waarabu: al-fard, iliyo peke yake. Ni mzizi uleule wa neno letu faridi. Kila nikiliona gari hilo kwenye foleni naliona na nyota yake.

Lakini jina likishapendwa halijawa la kwako mpaka sheria ikubali. Alama za biashara husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, na magari yako kwenye daraja la 12, iwe ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara hapa kwetu, au ofisi za Ulaya. Maneno mafupi, matamu, yanayotamkika kwa kila lugha, mengi yameshachukuliwa humo. Ndiyo maana unaona majina ya kubuni yasiyokuwa na maana kwenye kamusi yoyote.

Mfano unaonikaa zaidi ni wa Porsche. Mwaka 1963 walionyesha gari jipya wakaliita 901. Peugeot wakapinga. Tangu 201 ya mwaka 1929 walikuwa wakitumia tarakimu tatu zenye sifuri katikati, na kwao Ufaransa mtindo huo ulikuwa mali yao. Ni sifuri hiyohiyo wazee wetu wanaikumbuka kwenye 404, gari ambalo Bert Shankland wa Tanzania alishinda nalo Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967. Porsche walikuwa wameshatengeneza magari 82 kwa jina la 901. Wakabadilisha tarakimu moja tu, sifuri ikawa moja, na ndiyo 911 ambayo ulimwengu mzima unaijua. Jina kubwa kuliko yote waliyonayo limetokana na kukatazwa.

Land Cruiser nayo ilizaliwa hivyohivyo. Mwaka 1951 Toyota waliiita Toyota Jeep, lakini Jeep lilikuwa jina la Willys wa Marekani. Mwaka 1954 mkuu wao wa ufundi, Hanji Umehara, akatafuta jina jingine huku macho yake yakiwa kwa Land Rover ya Waingereza. Hakutaka gari lake lisikike duni mbele yake.

Upande wa lugha, kisa cha kweli ni cha Pajero. Mitsubishi walilichukua jina la paka-mwitu wa Amerika Kusini. Kwa Kihispania cha mitaani neno hilo ni tusi la aibu, nisingelitafsiri mbele ya mwanangu. Kwa hiyo Hispania na nchi nyingi zinazozungumza Kihispania gari hilo likaitwa Montero, na Uingereza likaitwa Shogun. Kisa kisicho cha kweli, ambacho nakisikia kila mwaka, ni cha Chevrolet Nova. Watu husema haikununuliwa kwa Wahispania kwa sababu no va ni "haiendi". Nova iliuzwa vizuri tu Mexico na Venezuela, na kampuni ya mafuta ya Mexico ilikuwa na petroli yake yenye jina hilohilo. Msemaji wa Kihispania huzisikia tofauti, kama wewe usivyochanganya barabara na bara bara.

Na lugha yetu wameichota pia, wengine kwa kujua na wengine kwa bahati. Volkswagen na Maserati wanapenda majina ya upepo unaovuma sehemu mbalimbali. Passat ni upepo wa biashara, ndugu wa mbali wa kaskazi na kusi zilizoleta majahazi pwani kwetu. Bora, jina walilolitumia wote wawili kwa nyakati tofauti, ni upepo mkali wa bahari ya Adria, ila ukilisoma hapa Morogoro gari limejisifia lenyewe. Khamsin ya Maserati ni upepo wa jangwani Misri, na ni hamsini hiyohiyo tunayohesabu sokoni. Safari lakini walilichukua kwa kukusudia. Nissan Patrol iliuzwa Japani kwa jina la Safari kuanzia 1980, na Tata wa India wakalitumia kuanzia 1998 kwa gari refu, zito, la kupandia milima.

Hapo kwa Tata ndipo swali lako la kurudia majina linapopata nyama. Safari ya kwanza iliachwa mwaka 2019. Wakati huo kampuni ilikuwa inaandaa gari jingine la viti vya safu tatu, na kwenye maonyesho ya magari India mwaka 2020 waliliita Gravitas. Mwaka mmoja baadaye, siku za kulizindua zilipokaribia, Gravitas ikatupwa na jina Safari likarudi. Gari la kwanza liliweza kuwa na foba, yaani kuvutwa na magurudumu yote manne, na lilikaa juu ya fremu ya chuma kama lori. Hili lililorudi 2021 linavutwa na magurudumu ya mbele tu. Kwa nini walifanya hivyo? Kwa sababu kulifanya jina jipya lijulikane kwa watu zaidi ya bilioni moja kunagharimu fedha nyingi na miaka mingi, na Safari lilikuwa tayari linajulikana kwa kila dereva wa India.

Ford walijifunza hilo kwa njia ngumu. Taurus lilikuwa miongoni mwa magari yaliyouzwa zaidi Marekani miaka ya 1990. Wakaliua mwaka 2006, wakaweka mahali pake gari linaloitwa Five Hundred. Mwaka huohuo akaja mkurugenzi mkuu mpya, Alan Mulally, aliyetoka kutengeneza ndege. Aliuliza kwa nini jina linalojulikana hivyo limezikwa, hakupata jibu la kumridhisha, na Februari 2007 ikatangazwa kwamba Five Hundred itaitwa Taurus. Gari lilikuwa lilelile, limebadilishwa sura kidogo.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana. Jina lililosajiliwa usipolitumia linaweza kufutwa. Umoja wa Ulaya umeweka miaka 5: ukipita bila kulitumia, mtu mwingine anaweza kuomba livuliwe. Kwa hiyo kampuni yenye kabati lililojaa majina ya zamani ina kila sababu ya kuyatoa na kuyavalisha gari jipya.

Mimi sipingi kurudisha jina kama gari jipya linafanya kazi ya lile la zamani. Crown iliyozinduliwa 2022 ilikuja kwa sura nne, moja ikiwa imeinuka kama gari la nje ya mji, na wazee wengi wa Japani walishangaa. Lakini bado ni gari la heshima, la mtu aliyefika. Jina limebeba maana ileile kwenye umbo jipya. Starlet na Vitz za leo zinanisumbua zaidi. Starlet ilirudi Afrika mwaka 2020 ikiwa Suzuki Baleno, kisha Vitz ikiwa Celerio. Majina hayo mawili yalijengwa kwetu na watu kama wewe: dereva wa teksi aliyetembea nayo miaka 10, fundi aliyejua kila nati yake, duka la spea lililojaza rafu. Sifa hiyo tuliitengeneza sisi kwa kutumia gari fulani, na leo inatumika kuuza gari jingine ambalo halijaitolea jasho. Mnunuzi anastahili kuambiwa waziwazi dukani, kabla ya kusaini.

Sasa turudi kwenye SCP10. Jina ni la tangazo. Ukoo wa gari umeandikwa kwenye kibati. Fungua boneti ya Vitz yako, simama mbele, utazame ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Kuna kibati chembamba cha bati, pengine kimeingia vumbi na oili. Kifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Utaona neno MODEL na msimbo mrefu unaoanza na SCP10 au wenye SCP10 ndani yake, pamoja na namba ya fremu, aina ya injini, kisha C/TR ambayo ni rangi ya nje na ya viti, na A/TM ambayo ni aina ya ekseli na giaboksi.

Kwenye Toyota za miaka ile, tazama herufi ya mwisho kabla ya tarakimu. Yako ni P. Starlet ya mwisho ilikuwa EP91, P. Hata Yaris iliyotoka Japani 2020, ambayo msimbo wake mmoja ni MXPA10, bado ina P katikati. Corolla ni E, kuanzia AE100 hadi NZE141. Corona, Carina, Premio na Allion ni T: Premio ya kwanza yenye injini ya 1800 ni ZZT240, na Allion yake ni ZZT240 pia, ubishi wa kijiweni umekwisha hapo. Mark II hadi Mark X ni X, Crown ni S, Land Cruiser ni J, Hiace ni H. Jina hubadilishwa, herufi ya ukoo hubaki.

Watu wetu walishalijua hili bila kufundishwa. Nairobi mtu hakuambii ana Corolla, anakuambia ana NZE au one-ten. Dar es Salaam mtu anasema GX100, na kila fundi anajua ni Mark II gani. Walilikimbia jina kwa sababu jina liliwapoteza.

Lilinipoteza na mimi. Miaka yangu ya mwanzo kwenye kaunta ya spea pale Gerezani, Dar es Salaam, alikuja mzee kutoka Dodoma, akaomba shokapu za nyuma za Corolla Fielder ya 2002. Nikamtolea za NZE121, tukafunga kwa kamba, akapanda basi. Baada ya siku tatu akarudi nazo mkononi. Gari lake lilikuwa NZE124, lile la foba, na mguu wake wa nyuma umeundwa tofauti kabisa. Jina moja, mwaka mmoja, bodi moja, na mzee amelipa nauli mara mbili zaidi. Nilimrudishia nauli, na tangu siku hiyo sijauza spea kwa mtu asiyeniletea namba ya chasi.

Kwa hiyo piga picha kibati hicho leo, uiweke kwenye simu. Ukienda kuiona Vitz mpya, mwombe muuzaji afungue boneti yake pia, na usome kilichoandikwa kwenye kibati chake na juu ya injini. Akikuambia spea za SCP10 zitaingia, nenda na pedi zako za breki za mbele za zamani, umwombe alete za hiyo mpya, mziweke pamoja juu ya kaunta.